Betri Husingiziwa

Motokaa ya zamani ikikataa kuwaka asubuhi, watu wote waliosimama hapo husema neno moja: betri imekufa. Basi betri hutolewa, hupelekwa mjini kujazwa umeme, hurudishwa, na baada ya siku nne au tano mambo ni yale yale. Hapo hununuliwa betri mpya, nayo ikafa vile vile. Namjua mzee mmoja upande wa Masaka, mwenye Land Rover ya mwaka 1964, aliyenunua betri mbili na dainamo moja katika muda wa mwaka mmoja. Fedha za betri ya pili zilikuwa zimewekwa kwa karo ya mjukuu wake. Na ugonjwa wenyewe ulipopatikana, ulikuwa ni waya mfupi kama kidole, uliofungwa kwa skrubu yenye kutu.

Kwa hiyo nataka kueleza hapa namna ya kuutafuta ugonjwa wa chaji kabla ya kutoa hata shilingi moja. Nitatumia mfano wa Land Rover za Series II, zilizoanza mwaka 1958, na Series IIA zilizotengenezwa toka 1961 mpaka 1971, kwa kuwa bado twaziona mashambani na penginepo katika viwanja vya shule. Nyingi katika hizo zina dainamo ya Lucas iitwayo C40. Mwenye Morris Minor naye aendelee kusoma, maana mtambo wake ni wa ukoo huo huo.

Kwanza tufahamu kazi ya kila chombo. Betri ya gari haizalishi umeme wa safari; huuweka tu, kama pipa liwekavyo maji nyumbani. Mchota maji ni dainamo. Ninyi mlio Senior Three mmekwisha kusoma habari za Michael Faraday, aliyeonyesha mwaka 1831 kwamba waya ukipitishwa mbele ya sumaku, umeme hutokea ndani yake. Dainamo ni jambo hilo hilo likifanywa kwa haraka sana. Katikati yake mna chuma kinachozunguka, kilichoviringishiwa nyaya za shaba, ambacho mafundi hukiita amecha. Pembeni, zimefungwa ndani ya ganda, mna koili mbili zinazofanya kazi ya sumaku. Umeme wa amecha hutolewa na brashi za kaboni, ukaja nje katika ncha kubwa yenye herufi D. Koili za sumaku zina ncha yao ndogo, yenye herufi F. Zishike sana herufi hizo mbili, kwani ndizo ufunguo wa kazi yote.

Kati ya dainamo na betri pana kisanduku cheusi, na ndani yake wamo watumishi wawili. Wa kwanza ni katauti, ambaye ni bawabu. Dainamo ikizunguka polepole, volti zake huwa chache kuliko za betri, na kama njia ingeachwa wazi, umeme wa betri ungerudi nyuma ukamwagika ndani ya dainamo. Basi katauti hungoja mpaka volti zifike 12.7 au hata 13.3, ndipo anapounganisha njia; injini ikilegea, huikata tena. Mtumishi wa pili ni regileta. Yeye huzipunguzia nguvu zile koili za sumaku kila volti zinapotaka kupanda kupita kiasi, ili betri isichemke.

Tena iko taa ndogo nyekundu mbele ya dereva. Watu wengi hufikiri kwamba taa hiyo hupima betri. Sivyo. Upande wake mmoja hupata umeme wa betri kupitia swichi ya funguo, na upande wa pili umeunganishwa na D ya dainamo. Pande zote mbili zikiwa na volti sawa, umeme haupiti katikati, na taa huzimika. Kwa hiyo taa kuzimika maana yake ni hii tu: dainamo imefikia kimo cha betri. Haisemi kwamba betri inajaa. Gari lenye regileta iliyolegea sana laweza kwenda wiki nzima taa imezimika, na betri ikikonda siku hata siku.

Sasa tuje kwenye uchunguzi wenyewe. Kabla ya kufungua boneti, muulize mwenye gari maswali, kama daktari amwulizavyo mgonjwa. Je, gari huwaka vizuri asubuhi, lakini likitembea usiku taa hufifia na injini hukohoa? Hiyo ni dalili ya kwamba chaji haiji. Au je, hufika nyumbani jioni bila taabu, na asubuhi halina kitu? Huenda dainamo ni nzima kabisa, na kosa likawa ni betri iliyochoka, au umeme unavuja usiku kucha. Mvujo mmoja ni mbaya kuliko yote: pointi za katauti zikigandamana, umeme wa betri hurudi katika dainamo injini ikiwa imezimwa. Ukilishika ganda la dainamo saa moja baada ya kusimama ukalikuta ni la moto kuliko injini yenyewe, ng'oa waya wa betri mara moja, kwani nyaya zaweza kuungua.

Halafu iangalie betri, si kwa sababu ndiyo mkosaji, bali kwa sababu vipimo vingine vyote huitegemea. Iache ipumzike saa kadhaa, kisha uipime kwa mita ya volti. Betri ya volti 12 iliyojaa huonyesha 12.6 au zaidi kidogo, ikionyesha 12.2 imebaki nusu hivi. Chini ya 12 haina kitu. Kama ina vifuniko vya kufungua, haidromita husema kweli zaidi, kwa kuwa hupima uzito wa asidi katika kila chumba. Kwa asidi ya kawaida, chumba kilichojaa husoma baina ya 1.270 na 1.290, na kilichokwisha husoma 1.110 mpaka 1.130. Lakini betri zilizotiwa asidi hafifu kwa ajili ya nchi za joto kali husoma 1.210 mpaka 1.230 zikiwa zimejaa, basi mwulize aliyekuuzia kabla ya kuihukumu. Jambo la kutazama hasa ni vyumba kulingana. Vitano vikiwa sawa na kimoja kikawa chini sana, betri hiyo haitapona, hata ikichajiwa mwezi mzima. Na usiisogelee na sigara wala kibiriti. Hewa inayotoka wakati wa kuchaji hulipuka.

Baada ya hapo, mkanda wa feni. Bonyeza kwa kidole gumba katikati ya puli mbili: uende ndani kiasi cha nusu inchi, yaani milimita 13, au zaidi kidogo. Ukilegea, huteleza, na dainamo huchelewa. Ukikazwa mno, huzila bearingi za dainamo na za pampu ya maji, kwa kuwa mkanda ule ule huizungusha pampu. Ndiyo sababu taa nyekundu ikiwaka ghafula barabarani, na papo hapo joto la maji likaanza kupanda, simama. Mkanda umekatika, na ukiendelea utaua injini kwa ajili ya kufika mapema.

Mkanda ukiwa mzima, washa injini, weka mita juu ya vichwa vya betri, na uongeze mwendo wa injini kidogo kidogo. Kwa betri iliyo katika hali njema, volti zipande zipite 13, zielekee 14. Zikibaki 12 na kitu, au zikishuka, chaji haiji, na kazi yetu imeanza.

Hapa ndipo watu wengi hukosea njia, kwa kuifungua dainamo au kuigusa regileta bila kujua ni nani mkosaji. Yafaa kuikata safari ya umeme katikati. Zima injini. Chomoa nyaya zote mbili kwenye dainamo, ule wa D na ule wa F. Unganisha ncha D na F kwa kipande kifupi cha waya. Mguu mmoja wa mita uwe juu ya kipande hicho, na mwingine kwenye ganda la dainamo. (Katika Land Rover nyingi za kabla ya 1967, upande wa chanya ndio uliofungwa kwenye bodi, kwa hiyo mguu mwekundu ndio uguse ganda.) Sasa washa injini na uongeze mwendo taratibu sana. Kwa namna hii dainamo imeachiliwa bila msimamizi, hivyo volti zipande upesi, bila kuyumba. Zikikaribia 20, punguza mwendo. Usivume injini kutaka kuona mwisho wake, maana utaziunguza koili.

Jawabu la mita husomeka wazi. Ikipanda vizuri, dainamo ni nzima, na usiruhusu mtu yeyote akuuzie nyingine. Isipoonyesha chochote, tazama brashi: huenda zimekwisha, au zimekwama katika nyumba zake, au shaba inayoguswa nazo imejaa uchafu. Ikionyesha nusu volti au volti moja tu, ni koili za sumaku. Ikionyesha 4 au 5, amecha ndiyo yenye ugonjwa. Fundi mmoja wa Katwe alimwonyesha mwanafunzi wetu kipimo hiki kwa muda usiozidi dakika tano. Kijana akauliza, "Mzee, mbona wengine huifungua kwanza?" Akajibiwa, "Mwanangu, dainamo iliyofunguliwa hulipiwa, hata kama haikuwa na kosa."

Ikiwa dainamo ni nzima, acha kile kipande cha kuunganisha mahali pake, rudisha nyaya, kisha nenda kwenye kisanduku cheusi. Chomoa waya wa D hapo, upime baina yake na bodi, injini ikienda taratibu. Usomaji uwe sawa na ule wa kwenye dainamo. Fanya hivyo na waya wa F. Mmoja ukikosa, umekatika njiani, au ncha yake imeoza kwa kutu. Nyaya za miaka ya sitini zina ganda gumu lililokauka, na shaba yaweza kukatika ndani, ganda likabaki zima machoni.

Nyaya zikiwa nzima, ondoa kile kipande kwenye dainamo, kwani kazi yake imekwisha, kisha tazama ncha ya E ya kisanduku. Hii ndiyo iliyomtesa yule mzee wa Masaka. E ni waya wa athi, yaani wa kukiunganisha kisanduku na bodi ya gari. Koili ya katauti na koili ya regileta zote mbili hurudishia umeme wake hapo. Waya huo ukikosa kugusa sawasawa, bawabu hapati nguvu ya kuunganisha njia, na dainamo yaweza kuzalisha volti nyingi bila betri kupata hata tone. Mpya au mbovu, regileta yoyote itashindwa. Mzee alikuwa amebadilishiwa dainamo nzima kwa nyingine nzima. Skrubu moja ilifunguliwa, kutu ikasuguliwa kwa msasa mpaka chuma kikang'aa, ikafungwa tena.

Athi nyingine nayo yataka kutazamwa, ile nene itokayo kwenye betri mpaka kwenye chesi, na ile ya kuunganisha injini na chesi. Injini imekalia mipira, na mpira haupitishi umeme. Ipime bila kufungua kitu: mguu mmoja wa mita juu ya kichwa cha betri kilichofungwa kwenye athi, mwingine juu ya chuma kisafi cha injini, na mtu apige stata. Ukiona zaidi ya nusu volti, umeme unapotea njiani. Nimeona gari ambalo kebo ya choki ilitoa moshi kila stata ilipopigwa, kwa sababu ndiyo iliyokuwa njia pekee ya umeme kurudi.

Mwisho huja kisanduku chenyewe. Ng'oa waya wa betri kwanza. Pointi za katauti husafishwa kwa ukanda wa msasa laini wa karatasi, kisha zikapanguswa kwa spiriti. Pointi za regileta ni ngumu zaidi, nazo hutaka jiwe laini la kunolea. Usizichanganye. Kisha rudisha waya wa betri, na upime kimo cha regileta hivi: toa nyaya za A na A1, uziunganishe zenyewe kwa zenyewe ili injini ipate umeme wake, na weka mita baina ya D na E. Ongeza mwendo mpaka sindano itikisike na kutulia. Katika hewa ya joto la nyuzi 30 za Selsiasi, Lucas walitaka isome 15.9 mpaka 16.5. Mtu atauliza, mbona nyingi hivi, na betri yataka 14? Sababu ni kwamba hapa dainamo haina mzigo. Ikianza kubeba mzigo, koili nyingine iliyomo humo huishusha yenyewe. Kipimo hiki kifanywe haraka, ndani ya nusu dakika, kwani koili ikipata joto husema uongo.

Siwezi kuacha kutaja desturi moja ya gereji nyingi, nayo ni kung'oa waya wa betri injini ikiwaka. Ikizimika, husemwa dainamo ni mbovu. Lakini injini ikinguruma polepole, dainamo nzima haileti kitu, kwa hiyo Land Rover isiyo na kosa lolote itazimika vile vile! Na ikiwa injini iko katika mwendo, volti zaweza kuruka na kuziunguza balbu. Kwa alteneta ni hatari zaidi. Alteneta zilianza kuenea baada ya Chrysler kuitia katika Plymouth Valiant mwaka 1960, na Land Rover ya Series III ya mwaka 1971 ilikuja nayo. Ndani yake mna dayodi, ambazo mruko mmoja wa volti wazitosha kufa. Magari mengi ya zamani yamekwisha kubadilishwa dainamo kwa alteneta, basi tazama ni ipi iliyomo kabla ya kugusa, na usiifanyie alteneta kipimo cha D na F.

Pengine vipimo vyote hutoka vizuri, na betri bado haijai. Hapo chukua kalamu. C40 hutoa amperi 22 ikiwa katika mwendo wake kamili, yaani wati 297 hivi. Taa mbili za mbele za wati 60 ni 120. Taa ndogo za mbele na nyuma ni 24. Koili ya kuwashia injini hula karibu 50. Jumla 194, na dainamo huimudu barabarani. Sasa mwenye gari akafunga spoti mbili za wati 100: jumla yafika 394, na kila saa ya usiku betri hutoa amperi 7 au 8 zisizorudi. Hakuna fundi atakayeitibu hesabu hiyo. Vivyo hivyo jioni ya mvua mjini Kampala, magari yakitambaa hatua kwa hatua, dainamo hailetI kitu na betri hubeba taa peke yake. Waingereza wenye magari haya walimpa Lucas jina la utani la Mkuu wa Giza, lakini naona si haki. C40 haikutengenezwa kwa ajili ya msongamano.

Neno moja kuhusu magari yaliyokaa miaka bila kuwashwa, au yaliyotiwa betri kinyume. Dainamo huanza kazi kwa usumaku mdogo uliobaki ndani yake. Ukipotea au ukigeuka, haitachaji sawasawa ingawa haina ubovu. Funga betri kwa upande unaotakiwa, chomoa waya wa F, kisha gusisha ncha F mara mbili tatu, kwa nukta moja tu, kwa waya utokao kwenye kichwa cha betri kisicho cha athi. Utaona cheche ndogo. Rudisha waya wa F na ujaribu tena.

Na taa nyekundu ikikuwakia mbali na nyumbani, mkanda ukiwa mzima, hesabu umeme ulio nao. Mchana, injini ya petroli hula amperi 4 hivi, na betri ya amperi-saa 60 iliyojaa itakupeleka mbali sana ukizima kila kitu na usipozima injini. Usiku, pamoja na taa, huenda ukapata saa 3 au 4. Mwenye Land Rover ya dizeli ana nafuu, kwani injini yake ikisha kuwaka haihitaji umeme ili iendelee. Injini ya petroli ikizimika, iko hendeli ya kupigia kwa mbele. Ivute kutoka chini kwenda juu, usiisukume kwenda chini, na kidole gumba kiwe upande mmoja na vidole vingine, ili ikirudi nyuma iuache mkono wako mzima.